Lita Elfu Tisini

Nilianza na wavu, fimbo ya alumini,
na brashi ya Mzungu wa gesi wa Shangani:
siku ya kuhama aliiacha getini, pamoja na mbwa.
Mbwa akachukuliwa na mlinzi.
Brashi nikaichukua mimi.

Pesa ya pampu ilitoka kwenye korosho,
malipo ya pili, yale yaliyochelewa hadi Machi.
Mjomba Nangomwa akasema, wenzio wananunua pikipiki,
wewe unanunua dude la kunyonya majani?
Sikumjibu. Nilikuwa nimechuchumaa ubavuni mwa pampu,
katikati ya maandishi ya Kichina,
natafuta mshale: yanaingilia wapi, yanatokea wapi.

Bwawa la kwanza, la Bi. Thureya, lilikuwa kijani kama kisamvu.
Vyura walikuwa wamekwisha kuoana humo, wana wajukuu.
"Siku ngapi?" Nikasema tano.
Zikawa tisa.
Ya kumi, asubuhi, niliona shilingi mia chini kabisa,
mwaka wake unasomeka.

Klorini hainitishi.
Nimekulia ndani ya salfa, mwezi wa sita,
mashine ya kupulizia mgongoni,
mikorosho imepauka kwa vumbi la njano
na macho yanachuruzika hadi usiku.
Hii nayo inawasha, ila inalipa kila mwezi.
Inapolipwa.

Daftari linasema mabwawa saba.
Wanaolipa tarehe moja ni wawili.
Hoteli moja hunilipa wali na mguu wa kuku.
Yupo bwana aliyeniambia, pitia wiki ijayo,
na wiki ijayo yake sasa ina miezi mitatu.
Nami siwezi kugoma: ukilinunia bwawa siku nne
linageuka rangi, na wa kulaumiwa ni wewe.

Mama aliteremka kutoka Newala kwa ajili ya jicho.
Tulipotoka Ligula nikampitisha kwa Bi. Thureya, aone kazi.
Alisimama mbali na ukingo, kanga kaishika kwa ngumi.
Huyu ndiye aliyenilea kwa ndoo moja:
aliishukia bondeni gizani, akaipandisha jua likiwa utosini,
na maji yaliyoosha mchele tukayanawia miguu,
yaliyobaki wakapewa kuku.

"Ya nani yote haya?"
Ya Bi. Thureya.
"Anayanywa?"
Hayanyweki, mama.
"Anafulia?"
Hapana.
"Sasa nani anayateka?"

Maji usiyoyafika hujui wingi wake, ndivyo tulivyofundishwa.
Mimi haya nayafika kila Jumanne:
mita kumi, mara sita, mara moja na nusu.
Lita elfu tisini. Nikamgawia kwa ndoo zake:
kila alfajiri, bila kuugua, bila kuzaa, bila msiba,
miaka kumi na miwili.
Hakusema kitu. Alivua kandambili,
akachovya kidole kimoja cha mguu, akakitoa.

Mwezi uliopita mteja wa Chuno alihama.
"Limwage," akasema, "nakabidhi nyumba."
Nilipofika na bomba, wanawake wa mtaa ule
walishapanga madumu getini, hata sijui nani aliwaambia.
Nikawaambia bado, yana dawa, njooni Jumatano ya pili.
Mteja nikamdanganya: valvu inahitaji kupumzika.

Siku nane jua la Mtwara lilifanya kazi bila mimi.
Nilipima asubuhi, nikapima jioni,
hadi kichupa kikabaki cheupe, hakikugeuka njano hata kidogo.
Ndipo nikafungulia.
Wakafua mapazia, wakafua magodoro,
kijana mmoja, Mtipa, akafyatua tofali mia nne
kwenye kiwanja ambacho hajamaliza kukilipia.

Kwenye risiti niliandika: kumwaga maji, siku moja.
Zile nane hazimo daftarini.

Usiku mama akapiga simu. Jicho linaendelea vizuri.
Akauliza, kazi je?
Haijambo, nikasema.
Leo yametekwa.